Kariakoo bila sura ya mtu: shajara ya picha ya sentimita 150 kwa 120

Ninachotaka kupaka ni msongamano wa Kariakoo, kwa sharti moja: asionekane mtu, gari wala kibanda kinachotambulika. Anayesimama mbele ya picha ahisi amebanwa bega kwa bega na ajue yuko Dar es Salaam, lakini asiweze kunyoosha kidole na kusema "lile pale duka la fulani". Naandika kila hatua inapokamilika, na bei nilizolipa, ili mchoraji anayetaka kuujaribu mji wake mwenyewe, uwe Mwanza, Tanga au Kisumu, asianzie sifuri. Kupiga msasa, kuosha brashi na kusubiri rangi ikauke sitavirudia kila mara. Nafasi navipa vilivyogoma.

18 Januari 2025: kiunzi

Picha dhahania ya mji isipokuwa na kiunzi inageuka madoa tu. Kariakoo kiunzi inacho tayari. Wapimaji wa Kijerumani waliinyoosha mitaa yake kwa miraba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zilikuja, nyingi zimekwenda, ghorofa zimepanda mahali pake, lakini mistari ya mitaa haijasogea. Swahili, Sikukuu na Kongo zinakwenda upande mmoja. Mkunguni na Tandamti zinazikata.

Katikati yake kuna Soko Kuu, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuunguzwa na moto Julai 2021. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, mdomo ukiwa juu kuikinga mvua. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi: mraba wa mitaa unapata mpinzani, pembetatu iliyosimama kwa ncha. Nimeamua picha nzima itajengwa kwa maumbo hayo mawili. Likija la tatu, litabidi lijieleze.

Rangi nazo nimeanza kuzikusanya kwa macho. Mgeni hudhani Kariakoo ni rangi kali mwanzo hadi mwisho. Ukikaa ukaangalia, sehemu kubwa ni kijivu: saruji, bati, vumbi, lami, maturubai yaliyopauka. Rangi kali huja vipande vipande: mstari wa ubavuni mwa daladala unaoonyesha njia yake, khanga zilizoning'inizwa, ndoo za plastiki, basi la mwendokasi likikata Msimbazi.

25 Januari: fremu na kitambaa

Mbao mbili za paini, inchi 2 kwa 1, futi 12, Sh 8,000 kila moja. Fundi seremala alichukua Sh 15,000 kukata na kuunga pembe. Kitambaa ni marekani nzito, upana meta 1.5, nimechukua meta 2 kwa Sh 9,000 ya kila meta. Pini za stapula Sh 3,000. Kanvasi ya dukani iliyokwisha kupakwa ingenigharimu mara kadhaa ya hapo kwa ukubwa huu, na marekani inanywa gundi vizuri.

Mwombe fundi apunguze ukingo wa ndani wa mbao kwa mteremko, upande unaogusa kitambaa. Bila hivyo, ukibonyeza brashi kitambaa kinagusa mbao, na mstari wa fremu unajichora wenyewe pande zote nne.

1 Februari: fremu imejipinda

Niliilaza juu ya sakafu, pembe moja ikanyanyuka upana wa vidole viwili. Mbao ilikuwa mbichi. Ilipokauka chumbani ikajikunja, na kitambaa kilichovutwa kikaisaidia kujikunja zaidi.

Ubavu mmoja mrefu umebadilishwa, na katikati tumeweka papi, yaani ubao mwembamba, ya kupita toka juu hadi chini. Kila pembe imepata pembetatu ya plaiwudi, gundi na misumari. Mbao ya ziada Sh 8,000, fundi Sh 10,000. Kwa picha yoyote inayozidi meta moja, papi ya katikati iwekwe tangu mwanzo. Na unapochagua mbao, usitazame uso wake tu: ishike mwisho mmoja, funga jicho moja, tazama ukingo wake wote kana kwamba unalenga. Kisha linganisha uzito na mbao nyingine za kipimo kilekile. Iliyo nzito kuliko wenzake bado ina maji.

8 Februari: jeso iliyopasuka

Jeso, rangi nyeupe ya kuandaa kitambaa, ni ghali dukani, hivyo natengeneza yangu. Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa gundi nyeupe ya mbao sehemu 1, maji sehemu 1 na unga wa chaki sehemu 3, ukapakwa mzito mara moja. Ulipokauka ulipendeza, mweupe, laini. Nilipokivua kitambaa ili nikikaze upya kwenye fremu iliyotengenezwa, uso wote ukapasuka vipande vidogo na unga ukadondoka sakafuni. Chaki ilikuwa nyingi kuliko gundi iliyopaswa kuishika. Kitambaa hicho hakikuokoleka.

Meta 2 nyingine, Sh 18,000. Safari hii nilitanguliza gundi peke yake, sehemu 1 kwa maji 4, nikaacha ikauke usiku kucha. Inaziba matundu ya marekani ili rangi isipenye hadi nyuma. Juu yake jeso: gundi 1, maji 1, chaki 1, rangi nyeupe ya maji ya ukutani 1. Nimepaka mikono mitatu, yaani tabaka tatu, myembamba, wa kwanza kulala, wa pili kusimama, wa tatu kulala tena, kila mmoja ukipigwa msasa mwepesi ukikauka. Nilikunja kipande cha majaribio mara kadhaa na hakikupasuka.

Angalizo kwa anayefuata: nasema chaki, si chokaa ya kupaka kuta. Chokaa ina ukali unaobadilisha baadhi ya rangi baada ya muda.

Gundi Sh 9,000, chaki Sh 4,000, ndoo ya lita 4 ya rangi ya maji Sh 22,000, na imebaki nyingi.

15 Februari: michoro midogo

Nimechora juu ya makadi yaliyokatwa kwenye maboksi, ukubwa wa kiganja, kwa kalamu nyeusi na kijivu cha maji. Kadi za kwanza zilitazama mji kutoka juu, kama ramani. Miraba ilitoka safi mno. Ungeweza kudhani ni mpango wa viwanja. Za pili zilitazama kutoka barabarani, ghorofa pande zote mbili, na hapo jicho likaanza kutafuta madirisha na milango, yaani nikarudi kwenye picha ya kawaida.

Iliyokubali ni ile inayochanganya: chini picha inatazama kama ramani, na kadiri jicho linavyopanda, miraba ileile inasimama na kuwa kuta. Hakuna mstari wa upeo. Mbingu haipo. Kariakoo, ukiwa ndani yake, mbingu ni kipande chembamba kati ya turubai na turubai.

Kuupanga mchoro kwenye kitambaa kikubwa nimetumia tepu ya karatasi. Mondrian, mchoraji wa Kiholanzi wa picha dhahania za miraba, alipokuwa New York mwanzoni mwa miaka ya 1940 alifanya hivyo kwa tepu za rangi: alibandika, akasogeza, akabandua, mpaka mizani ikakaa. Kwa fundi asiye na pesa ya kupoteza rangi hii ni njia ya dhahabu. Nilibandika mitaa yangu, nikaipiga picha kwa simu, nikasogeza, nikapiga tena. Mitaa iliyolingana upana ilikufa papo hapo. Niliyoitofautisha, mmoja mpana, miwili myembamba, mmoja unaokatika njiani, ilianza kutembea. Tepu mbili, Sh 7,000.

22 Februari: rangi ya chini

Kitambaa chote kimepakwa wekundu wa udongo, akriliki (rangi ya maji yenye gundi ya plastiki) iliyopunguzwa kwa maji kidogo. Sababu ni mbili. Weupe wa jeso unadanganya jicho, kila rangi juu yake inaonekana nzito kuliko ilivyo. Pili, wekundu ukichungulia kati ya vijivu unavipa joto. Nataka joto la saa saba mchana likae chini ya kila kitu.

Mistari mikuu nimeipiga kwa uzi wa fundi: unaupaka ngeu, unaukaza toka ukingo hadi ukingo, unauvuta na kuuachia. Mstari ulionyooka unapatikana kwa sekunde, na rula ya meta moja na nusu haihitajiki. Nimeipiga mistari yote ikiinama kidogo, hakuna hata mmoja unaolingana na ukingo wa fremu. Iliyolingana ilifanya picha isimame kama kabati.

Akriliki: nyeupe chupa ya mililita 500 Sh 35,000, tyubu sita kwa Sh 9,000 kila moja, nazo ni bluu nzito ya ultramarini, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), manjano ya udongo, manjano kali, nyekundu, na kijani. Nyeusi sikununua. Ultramarini na siena iliyochomwa zikichanganywa zinatoa giza bora kuliko nyeusi ya tyubu, na unaweza kulielekeza kwenye baridi au joto kwa kuongeza moja yao.

Brashi na msasa Sh 18,000.

2 Machi: umati wa nukta, na kwa nini ulikataa

Hapa ndipo kazi ilipokwama, na hapa nitakaa.

Wazo la kwanza la msongamano ni kuongeza: nukta nyingi, viboko vingi, rangi nyingi. Nilikata vipande vya sponji na vya kadi ngumu, nikagonga rangi juu ya mitaa yote, nyekundu, manjano, kijani, bluu, maelfu ya alama ndogo. Nilipoanza kila mguso ulinifurahisha. Nilipomaliza na kurudi nyuma hatua sita, picha ilikuwa zulia. Ilikuwa imejaa na haibani. Ungeweza kuitundika sebuleni ukaisahau.

Nikaipiga picha kwa simu na kuifanya nyeusi na nyeupe, na ugonjwa ukaonekana: yote yalikuwa kijivu kimoja. Nyekundu niliyoipenda, kijani niliyoipenda, bluu, zote zilikuwa na kiwango kimoja cha mwanga na giza. Kwa macho ya kawaida zinagombana, kumbe kwa uzito zimelala pamoja. Umbo haliwezi kusimama mahali pa namna hiyo. Tangu siku hiyo kila kikao cha kupaka kinaisha kwa picha ya nyeusi na nyeupe.

Jaribio la kurekebisha: niliongeza nukta nyeupe na nukta za giza. Ikawa zulia lenye chumvi na pilipili. Tatizo la pili lilikuwa la kina zaidi kuliko mwanga na giza. Nukta zote zilikuwa na nafasi sawa kati yao, na jicho linapoona nafasi sawa kila mahali linapumzika. Kitu kinachobana hakipumzishi.

Kuna kero nyingine ya akriliki inayofaa kuisema hapa. Ikiwa mbichi, gundi iliyo ndani yake ni nyeupe kama maziwa. Ikikauka inakuwa kioo, na rangi inashuka giza. Kijivu nilichokichanganya kilingane na cha jana hakikulingana kilipokauka. Sasa kila mchanganyiko napaka alama juu ya kipande cha kitambaa chenye jeso, nakausha kwa feni, ndipo nalinganisha. Nimeandika nyuma ya kila alama kipimo chake kwa vijiko.

26 Machi: lami

Nimeacha kupaka nikaenda kutazama. Ni kumi la mwisho la Ramadhani, Idi iko mlangoni, na Kariakoo imejaa kuliko wakati wowote wa mwaka. Nguo za watoto zimemwagwa juu ya maturubai mpaka katikati ya barabara, mikokoteni inapita kwa kelele za "upande, upande!", na machinga wamepanga viatu kwenye ngazi za maduka ya watu.

Mzee mmoja muuza vitambaa aliniruhusu nipande ghorofani kwake nichore. Alitazama kadi yangu kwa muda.

"Mwanangu, unachora nini?"

"Kariakoo, mzee wangu. Nataka nioneshe watu walivyojaa, ila bila kuwachora."

"Basi tazama chini. Mimi hapa juu wateja siwahesabu, naangalia lami. Nikiiona lami, siku imelala. Leo unaiona?"

Nikatazama. Ilionekana kwa vipande vyembamba tu, kijivu cha giza chenye kung'aa kidogo, kikifunguka kati ya mwavuli na mwavuli, kikijifunga, kikifunguka pengine. Havikuwa na umbo moja: kimoja kirefu kama utepe, kingine kona ya pembetatu, kingine kitone. Vyote vilikuwa vyembamba.

Nikamwambia, "Shikamoo mara ya pili, mzee." Akacheka, akaniagizia kahawa, nikamkumbusha saumu yangu, akaomba radhi. Nilichora mpaka alasiri.

Kadi za siku ile hazina mtu hata mmoja. Zina lami peke yake.

5 Aprili: kupaka nafasi

Njia iligeuka kichwa chini. Badala ya kuongeza nukta juu ya mtaa, nimeuacha uso ule wa rangi nyingi kama ulivyo na kuanza kupaka lami juu yake. Kijivu cha giza kinapita kati ya rangi, kinazikata, kinazibana. Kila mahali ambapo hakikupita, rangi ya chini inabaki kipande chenye kingo, na kipande hicho ndicho jicho linachokichukua kuwa mwavuli, kichwa, mzigo, au vyote pamoja. Zile nukta nilizozichukia zimegeuka kuwa akiba.

Mambo yaliyosaidia:

Brashi bapa ya sentimita 2, ikitumika kwa ukingo wake. Brashi ya duara inatoa mistari ya upana mmoja na inarudisha zulia.

Upana wa lami unabadilika makusudi. Chini ya picha, penye ramani, nimeuachia mpaka sentimita 3. Unapopanda kuelekea soko unapungua hadi unywele. Msongamano umekaa kwenye kupungua huko. Ukitazama chini unapita, ukipandisha jicho unazuiwa.

Kijivu hakiwi kimoja. Penye kivuli cha turubai nimeongeza ultramarini, penye jua siena na nyeupe kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini bila yake lami inakuwa waya.

Miavuli ya Amuli nimeipaka kwa kisu cha rangi, zege lililopauka, kwa tabaka nene. Ni pembetatu saba zilizosimama kwa ncha, zikipishana. Ndizo sehemu pekee zenye rangi nene, na mwanga wa dirishani unazikamata. Kwa kazi hiyo chupa ya pili ya nyeupe imenunuliwa, Sh 35,000.

13 Aprili: rangi ya mafuta iliyobanduka

Nilitaka mistari michache yenye mng'ao mkali, ile ya ubavuni mwa daladala. Akriliki ikikauka inang'aa kidogo tu, nami nimekulia kwenye mng'ao wa picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata walipaka rangi ya mafuta ya makopo, ile ya baiskeli, juu ya ubao mgumu, na uso wake unang'aa hadi leo. Nikanunua makopo matatu madogo, Sh 18,000.

Mistari yenyewe ilikaa vizuri sana juu ya akriliki. Shida ilikuja nilipotaka kuivusha lami juu yake, ili mstari uonekane umepita nyuma ya umati. Akriliki ilikusanyika matone juu ya mng'ao ule kama maji juu ya jani la mgomba. Niliilazimisha kwa mikono miwili mizito, ikashika. Siku iliyofuata nilipobandua tepu ya karatasi, lami yote ikatoka nayo ngozi nzima, safi.

Kanuni inayoeleza hili ni ya zamani: rangi ya mafuta inaweza kulala juu ya rangi ya maji iliyokauka, lakini rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Mwenye ubao wa Tingatinga haumwi na hili kwa sababu anatumia mafuta toka mwanzo hadi mwisho.

Marekebisho yamechukua muda. Mistari yote ya mafuta nimeipiga msasa namba 320 mpaka ikafifia na wekundu wa chini ukaanza kuchungulia, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikapaka jeso nyembamba juu ya makovu, kisha akriliki. Mng'ao nimeupata kwa njia nyingine: rangi kali yenyewe bila nyeupe ndani yake, ikipakwa nyembamba mara nne tano juu ya nyeupe iliyokauka kabisa. Mwanga unapita kwenye rangi, unagonga weupe, unarudi. Si mng'ao wa kopo, ila kwa mbali unatosha. Na kovu moja la msasa, karibu na ukingo wa kushoto, nimeliacha. Limekuwa kuta za zamani zilizokwanguliwa matangazo, na sikuweza kulipaka vizuri kuliko hivyo.

20 Aprili

Masika. Chumba kina unyevu, kila tabaka linachukua mara mbili ya muda wa Februari, na nyuma ya kitambaa kumeanza kuota madoa ya ukungu. Nimeitoa picha ukutani, nimeiegemeza kwenye stuli mbili katikati ya chumba ili hewa izunguke, na nyuma nimefuta kwa siki iliyochanganywa na maji. Madoa hayajarudi. Sijapaka chochote.

4 Mei: Mnazi Mmoja

Picha inabana. Inabana mno, na kwa namna moja tu, pande zote. Wiki nzima niliitazama bila kujua inataka nini. Nikajaribu kuongeza ghorofa juu kushoto, ikazidi. Nikajaribu kung'arisha miavuli, ikapiga kelele.

Jibu lilikuwa kwenye ramani ya mji wenyewe. Mashariki ya Kariakoo kuna Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi enzi za Waingereza kutenganisha mtaa wa Waafrika na mtaa wa Wahindi. Nia yake ilikuwa ya ubaguzi, na uwazi wake bado uko pale, miti na majani, umekatwa kwa barabara. Anayetoka Kariakoo kwa miguu anaujua mwili unavyolegea akivuka Lumumba.

Nimefunika utepe wa sentimita 22 upande wa kulia, toka juu hadi chini, na ndani yake kulikuwa na kazi ya majuma kadhaa. Kijani kilichopauka kwa kijivu, karibu bapa, mikono mitatu. Sikuweka alama yoyote juu yake isipokuwa mstari mmoja wa lami unaoingia toka kushoto na kufifia. Mara tu utepe ulipokauka, upande wa kushoto ukajifunga kwa nguvu maradufu. Nukta hata moja haikuongezwa huko. Jicho lilikuwa halina pa kutokea, hivyo lilikuwa halijui limefungiwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefikiria kuuweka uwazi huo katikati, mraba mmoja mtupu wa giza. Niliupaka kwenye kadi nikauacha. Novemba 16 mwaka jana ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakafa chini ya kifusi. Mraba wa giza katikati ya mitaa hii, mwaka huu, ni wao, na hauwezi kutumika kama hila ya kupanga picha. Wanastahili picha yao, ipakwe na mtu aliyekusudia hivyo tangu kitambaa cha kwanza.

18 Mei: vanishi na hesabu

Vanishi ya akriliki isiyong'aa sana, Sh 28,000, mikono miwili myembamba, picha ikiwa imelazwa. Subiri siku kavu. Vanishi ikipakwa kwenye unyevu inafanya utandu mweupe juu ya rangi za giza, na lami yangu ndiyo ingekuwa ya kwanza kuugua. Nilijaribu kwanza kwenye kile kipande cha alama za kijivu.

Hesabu yote ni Sh 318,000. Fremu na marekebisho yake 49,000; vitambaa viwili na pini 39,000; gundi, chaki na rangi ya ukutani 35,000; akriliki 124,000; tepu 7,000; brashi na msasa 18,000; makopo ya mafuta 18,000; vanishi 28,000. Katika hizo, 54,000 zilikwenda kwenye mbao mbichi, jeso iliyopasuka na makopo ya mafuta. Ukifuata maelezo ya hapo juu huna sababu ya kuzilipa.

Kwa anayetaka kijivu cha lami kama nilichotumia: ultramarini vijiko 3, siena iliyochomwa vijiko 2, nyeupe nusu kijiko, maji matone machache tu. Kikikauka kinashuka giza kidogo, kwa hiyo kichanganye kikiwa chepesi kuliko unavyotaka. Cha kivulini ongeza ultramarini kijiko 1. Cha juani ongeza siena kijiko 1 na nyeupe nusu.

Picha ya pili itaanzia Mnazi Mmoja kuelekea Uhindini, ukubwa uleule, ili zikitundikwa pamoja tepe mbili za kijani zikutane. Mbao zake ziko juu ya dari la fundi tangu Machi, na safari hii papi ya katikati inawekwa kabla ya kitambaa.